Nina mimba ya miezi mitano, HR anasema mkataba hauendelei. Nina haki gani?

Nakaya_DSM:
Habari zenu wadau, naombeni ushauri maana usingizi sipati. Mimi ni mhasibu kampuni moja binafsi hapa Dar, mwaka wa tatu huu, tunasaini mkataba wa mwaka mmoja mmoja, ukiisha wanakuletea mwingine unasaini maisha yanaendelea. Mwezi uliopita nikamwambia bosi kwa mdomo kwamba ni mjamzito, akacheka akanipa hongera. Juzi HR kaniita anasema mkataba ukiisha tarehe 30 ndo basi, eti kampuni inapunguza gharama. Ila kijana aliyenikuta pale, kazi ileile, yeye kaongezewa. Hapo nina changu kweli au nianze tu kutafuta pengine? Na zile siku 84 za likizo ya uzazi ndo zimeniponyoka?

MzeeWaKesi:
Pole dada. Usiondoke kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 36, kutokuongezewa mkataba wa muda maalumu nako ni kuachishwa kazi, ilimradi ulikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia kuongezewa. Wewe umeongezewa mara mbili mfululizo, na mwenzio wa meza ya pili kaongezewa juzi, sasa wanataka utarajie vipi tena? Nenda cha 37, mimba sio sababu halali ya kumwachisha mtu, na cha 7 kinachokataza ubaguzi kimeitaja mimba waziwazi.

Tatizo lako ulisema kwa mdomo. Mkifika CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanaoshughulikia migogoro ya kazi) kampuni watasema hatukujua kama ana ujauzito, na wewe utabaki na "nilimwambia akacheka". Andika barua kesho, ambatanisha cheti cha daktari chenye tarehe ya makadirio, sheria inataka taarifa angalau miezi 3 kabla ya kujifungua kwahiyo bado uko ndani ya muda. Peleka masijala wakugongee mhuri kwenye kopi yako. Wakileta karatasi ya kuacha kazi kwa hiari USISAINI.

Kibubu77:
Mtanitukana ila nasema. Nina wafanyakazi sita. Mmoja akienda uzazi namlipa siku 84 kamili na bado natafuta wa kushika nafasi yake namlipa pia. Watu wengi wanaajiri wanaume tu kimyakimya na hamna sheria itakayowakamata.

mamaPacha:
@Kibubu77 sikutukani, ila umekasirikia mtu siye. Mimi nilizaa mapacha nikapata siku 100, mume wangu akapata 3, tena azichukue ndani ya siku 7 za mtoto kuzaliwa, yaani hata kitovu hakijadondoka jamaa yuko ofisini. Sasa ukiwa na kijana na binti kwenye intavyuu lazima uone gharama yote iko kwa binti. Mkataba namba 183 wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) wa mwaka 2000 unataka wiki 14, na unasema mwajiri asibebeshwe mzigo peke yake, hela itoke bima ya jamii au mfuko wa umma. Hapo ndo pa kuwabana wabunge, sio kumbana dada mwenye tumbo.

Kibubu77:
Hilo la mfuko nakubali. Siku 3 kweli ni utani.

Nakaya_DSM:
Asanteni sana. @MzeeWaKesi CMA wanatoza shingapi? Akiba yangu ni ya kujifungulia.

MzeeWaKesi:
Bure. Unajaza fomu namba 1 unampa mwajiri nakala, wanaanza na usuluhishi, mkishindwana ndo uamuzi. Ila una siku 30 tu tangu kuachishwa, ukizidisha itabidi uombe kuongezewa muda na uwe na sababu ya maana. Kuhusu siku 84, ukibaki kazini ni zako, unaweza kuanza hata wiki 4 kabla. Ukirudi una masaa mawili ya kunyonyesha kila siku, usiache wakakudanganya kwamba ni hisani.

Nakaya_DSM:
Mrejesho: barua imefika, masijala wamegonga mhuri. HR kapita mezani kwangu kaniangalia tu hajasema kitu. Kopi nimeipeleka kwa mama.

mamaPacha:
Piga na picha.