Naenda Roma siku nane, mkutano upo FAO, nielekezeni pa kula

Mwana wa Mtumba
Wakuu habari za jioni. Mi nipo hapa Dodoma, kazini Mtumba, nimepangiwa safari ya Roma mwezi ujao, mkutano makao makuu ya FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, siku nane nzima na ndo mara yangu ya kwanza kutoka nje ya Afrika. Viza na tiketi tayari, hoteli ipo karibu na stesheni ya Termini. Kinachoniumiza kichwa ni msosi. Kuna mwenzangu alienda akashinda kwa biskuti na juisi siku tano, kila mgahawa aliochungulia karibu na Colosseum bei ilimtisha akarudi hotelini kulala na njaa, sasa mi hapana, mi mtu wa kula, mchana ugali na mlenda, jioni supu Majengo. Waliowahi kufika naombeni mwongozo, niende mtaa gani, niagize nini, na posho isiishe siku ya tatu.

Makole Juu
Hongera mkuu. Mi nilikaa kule mwaka na nusu kimasomo na mji ule naupenda mpaka leo, kwa hiyo nisikilize vizuri. Ukitoka getini FAO usigeukie upande wa Colosseum, wenzako wote watageukia huko. We shika barabara ya Viale Aventino, nyoosha nayo mpaka uone piramidi, ndiyo, piramidi kabisa la mawe meupe, ni kaburi la Mrumi mmoja anaitwa Cestius, lina miaka zaidi ya 2000. Hapo kata kulia unaingia mtaa wa Testaccio, mwendo wa dakika kama 20 tu kwa miguu.

Kwa nini Testaccio? Pale ndo palikuwa na machinjio ya mji mzima mpaka yalipofungwa 1975. Ng'ombe akishapasuliwa robo zake nne zilienda kwa wenye hela, wachinjaji wakapewa kilichobaki kama sehemu ya ujira wao, utumbo, mkia, kichwa, moyo, mapafu. Wenyewe wanaita quinto quarto, yaani robo ya tano. Wake zao wakakipika kitu kile mpaka kikawa ndo chakula chenyewe cha Roma. Sisi watu wa Dodoma tuliokulia mnadani hatuhitaji kuelezewa hili, mtu aliyekula makongoro na supu ya utumbo alfajiri anajua utamu upo wapi.

Agiza trippa alla romana. Mara ya kwanza kuletewa nilisita, maana ule utumbo ulikuwa umelala kwenye rojo zito la nyanya, juu jibini ya pecorino imekunwa imeanza kuyeyuka, halafu inanukia mnanaa! Mnanaa kwenye utumbo jamani. Nilipoweka mdomoni ulikuwa laini unakatika kwa uma bila kisu, nikachukua mkate nikafuta sahani yote. Kuna pia coda alla vaccinara, mkia wa ng'ombe uliochemka masaa na masaa na nyanya na selari mpaka nyama inaachia mfupa yenyewe. Mgahawa wa Checchino upo tangu 1887, unatazamana na machinjio ya zamani, ila pale pana bei kidogo, nenda siku moja tu. Siku nyingine ingia sokoni, Mercato di Testaccio, kibanda cha Mordi e Vai wanakujazia mkate na nyama ya kuchemsha, wanauchovya kwenye mchuzi wake, unakula umesimama na unashiba mpaka jioni. Soko ni mchana tu, na Jumapili linafungwa.

Mwana wa Mtumba
Makole Juu Mungu akubariki, nimesoma mara mbili. Ila kosa langu sikusema, mi ni Mwislamu wa Kondoa, nguruwe hapana na nyama napenda ijulikane imechinjwaje. Hapo inakuwaje?

Mama Nasra Kondoa
Mwanangu umefanya vizuri kuuliza kabla hujafika. Hiyo nyama ya Testaccio aliyokusifia kaka yako ni kweli tamu lakini huko hawachinji kama sisi Waislamu, na mkia wenyewe wengi wanaanza kuukaanga kwa mafuta ya nguruwe, hivyo uache. Kwenye tambi uwe makini sana, carbonara, amatriciana na gricia zote zina guanciale, hiyo ni nyama ya shavu la nguruwe, hata usipoiona vipande vyake mafuta yake yamo. Ya kwako ni cacio e pepe, tambi, jibini na pilipili manga basi, na ikipikwa vizuri ile jibini inakuwa kama tui zito limeshika kila uzi. Ila ujue pecorino inagandishwa kwa kitu cha tumboni mwa mwanakondoo, wanaochunga sana huliangalia na hilo, utaamua mwenyewe. Pizza marinara haina hata jibini, ni nyanya, vitunguu saumu na mafuta ya zeituni.

Nyama usihangaike, hoteli yako ipo pazuri. Toka Termini kwa miguu nenda Mercato Esquilino, karibu na Piazza Vittorio, utakuta mabucha ya halali, wauzaji Wabangladeshi na Waarabu, utakuta bamia, ndizi za kupika, hata roho inatulia. Mitaa ya pembeni ina migahawa ya halali na bei ya kawaida, muulize muuza bucha yeyote atakuelekeza anakokula yeye. Mi nilivyompeleka mdogo wangu matibabu tulikula huko wiki tatu hatukuumwa njaa hata siku moja.

Jamaa wa Chamwino
Naongezea upande wa hela. Kahawa kunywa umesimama kaunta, ukikaa kwenye meza bei inapanda. Maji usinunue, tembea na chupa, kuna mabomba ya chuma mitaani wanaita nasoni yanatiririka mchana na usiku, maji baridi safi na bure. Na samaki angalia sana herufi hg au neno etto, maana yake bei ni ya gramu 100. Mi niliona 7 nikajua samaki mzima euro 7, akaja mnyama wa gramu 700, bili ikasoma euro 49 kwa samaki peke yake, niliumia mpaka leo nikikumbuka.

Mwana wa Mtumba
Nawashukuru sana, Mama Nasra shikamoo na asante. Swali la mwisho, Alhamisi tunamaliza kikao saa tisa alasiri, nikitoka hapo nawahi mgahawa wa kueleweka?

Makole Juu
Saa tisa majiko mengi yanafungwa mkuu, chakula cha mchana ni saa sita na nusu mpaka saa nane na nusu hivi, jioni wanafungua saa moja na nusu. Kula kipande cha pizza al taglio kwanza, wanakata na kupima kwenye mzani, halafu jioni rudi ukaagize gnocchi, maana Alhamisi ndo siku yake Roma nzima, ni madonge madogo ya viazi na unga. Mwambie mhudumu unataka na nyanya tu, senza carne, bila nyama.