Mrejesho: ile nyumba ya Kampemba yenye vyumba vya nyongeza

Jambo yenu. Ni mimi niliyeuliza kuhusu kununua nyumba ya hapa Lubumbashi, komini ya Kampemba, iliyoongezwa vyumba viwili na jiko kwa nyuma, muuzaji akiwa hana ruhusa ya kujenga. Aksanti sana kwa wote mliojibu.

Nilifuata shauri la mama aliyesema nisitoe hata dola moja kabla ya kufika kwa konservatere, afisa wa serikali anayetunza hati za ardhi na nyumba. Kwa sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, sertifika, yaani hati ya kuandikishwa inayotolewa na konservatere, ndiyo inayothibitisha haki, si karatasi ya mauzo. Sertifika ni halali, jina ni la muuzaji, ila faili la zamani halitaji nyongeza yoyote. Kisha mpimaji wa kadasta, ofisi ya kupima viwanja, akafyeka majani, akaonyesha jiwe la mpaka: ukuta wa jiko umeingia kwa jirani. Komisionere, yaani dalali, aliyekuwa akinihimiza nilipe haraka alinyamaza kabisa.

Shauri lenu la kumtaka muuzaji atafute ruhusa mwenyewe halikufaulu, alikataa. Alikubali kubomoa jiko na kushusha bei, na mkewe akasaini pamoja naye. Sertifika mpya imetoka kwa jina letu. Ruhusa ya vile vyumba viwili bado tunaingojea, na hatuongezi hata tofali moja mpaka tujibiwe.