Sherehe ya msimu chekechea: hivi tunafundisha au tunafanyisha watoto maigizo?

MwlWaDogodogo

Habari zenu walimu wenzangu na wazazi mliomo humu. Naombeni mawazo maana nimekwama kabisa. Nafundisha chekechea, watoto wa miaka 3 mpaka 5 wamechanganyika, wako 26, tuko mimi na msaidizi mmoja. Shuleni kwetu msimu ukibadilika lazima kuwe na kasherehe ka darasa, mvua zikianza, baridi ikiingia, wakati wa mavuno, hivyo hivyo. Wazo lenyewe silikatai, ni zuri. Shida ni namna tunavyolifanya.

Mara ya mwisho nilikuwa na mada ya mvua. Wiki 2 nzima tunakariri shairi, usiku niko nyumbani nakata miavuli ya manila peke yangu mpaka vidole vinauma, watoto kazi yao ikawa kubandika pamba pale nilipowawekea nukta tu. Siku yenyewe ikafika, wawili wakalia, mmoja akajikojolea mbele za watu maskini, wazazi wote simu juu wanarekodi. Basi kesho yake ikanyesha mvua ya kweli, tumejazana dirishani tunaangalia, nikauliza haya nani anajua mvua inatoka wapi? Kabinti kamoja kakanyoosha mkono kwa kujiamini: "kwenye kabati la ticha". Ndiko nilikokuwa nimehifadhi yale matone ya karatasi!!

Nilicheka ila moyoni iliniuma. Sasa zimebaki wiki 4 kabla ya sherehe nyingine, mvua tena. Nataka safari hii washike vitu kwa mikono, waelewe, na wakati huohuo wazazi wakija wasiondoke wanasema hatujaona kitu. Vifaa sina vingi. Nianzie wapi?

Chaki_Mfukoni

Kabati la ticha 😂😂 huyo mtoto usimlaumu, kajibu alichokiona.

Mwalimu mwenzangu, anzia nje. Mvua ikishakatika tafuteni dimbwi dogo kwenye sakafu ngumu, mzungushie mstari wa chaki pembezoni maji yalipoishia, halafu rudini darasani mfanye mengine kama hakuna kitu. Baada ya saa moja hivi mnarudi, dimbwi limejivuta ndani ya mstari. Mnachora mstari mwingine. Mkirudi tena limepungua zaidi. Hapo usikimbilie kuwaeleza, waulize tu maji yameenda wapi na uandike majibu yao kama yalivyo. Utasikia jua limekunywa, sijui mbwa kapita, sijui yameingia chini. Hayo majibu yatunze, utayahitaji.

Cha pili ni kupima mvua. Watu wanaona kitu cha wakubwa kwa sababu ya milimita, lakini mtoto wa miaka 4 hana haja ya milimita. Tafuta chombo kinachoonesha ndani, kilichonyooka toka chini hadi juu, kama ni chupa kata sehemu ya juu na kingo uzizungushie selotepu isije ikakata mtu. Kiweke mahali pa wazi, mbali na mti na mbali na paa, kiegemee kitu kisianguke. Kila asubuhi kwa saa ileile mtoto mmoja wa zamu anasimamisha ukanda wa karatasi pembeni ya chombo, anaweka alama maji yalipofikia, mnakata hapo hapo, mnabandika ukutani, mnamwaga maji. Kesho ukanda mwingine pembeni ya ule wa jana. Baada ya wiki 3 ukuta wenyewe ni grafu na hujamfundisha mtu neno grafu. Siku isiyo na mvua bandikeni nukta tu chini, usiiruke, maana mtoto akiona pengo anadhani mlisahau.

Siku ya sherehe wazazi wakija, watoto wanawaonesha ukuta. Siku ipi ilinyesha sana, siku ipi hata tone. Sherehe yako ndiyo hiyo, huna haja ya kukata mwavuli usiku.

MzeeWaVibao

Samahanini nitakuwa mpinzani kidogo. Haya ya dimbwi ni mazuri mdomoni, ila watoto 26, watu wazima 2, matope, nguo, mmoja kasukumwa kaanguka, mzazi kapiga simu kwa mkuu, utaieleza vipi? Halafu mbona siku hizi kukariri kumefanywa dhambi? Mtoto akiimba wimbo anapata maneno, anajua kusubiri zamu, anazoea kusimama mbele za watu. Wangu alikuwa hasemi kabisa, wimbo ndio uliomfungua mdomo. Tusitupe kila kitu.

Chaki_Mfukoni

Mzee wangu sijasema wimbo utupwe, naomba tusilishane maneno. Ugomvi wangu ni mpangilio. Mtoto akianza kuimba "pwata pwata" kabla hajasikia tone linavyolia kwenye bati na linavyolia kwenye jani, anaimba kelele tu. Watoke kwanza wakasikilize, warudi wajitungie milio yao kwa vidole mezani, halafu wimbo ujengwe juu ya hiyo. Na hao 26 hawatoki wote kwa mpigo, toa 6 na msaidizi, wewe baki na waliobaki, mbadilishane.

MamaPachaWawili

Mimi ni mzazi tu si mwalimu, naomba niwasemee wenzangu. Dada, ukweli ni kwamba tunataka kumuona mtoto WETU. Sio darasa, mtoto wetu. Ndiyo maana mnaona simu zote juu, kila mtu anavizia ile sekunde yake kumi. Lakini niwaambie, pacha wangu walipokuwa wadogo kuna mwaka mwalimu wao hakuweka jukwaa, aliweka meza 4 na kila mtoto alitakiwa amshike mzazi mkono amzungushe. Nilikalishwa kwenye kile kiti kidogo magoti yanagusa kidevu, binti yangu akaniamuru niloweke kidole kwenye maji, nikipungie hewani, niseme upepo unatokea wapi. Kwa sauti ya ticha wake kabisa! Sikurekodi hata kidogo kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Mpaka leo naikumbuka, ile ya mashairi yote nimesahau.

Ombi moja tu, tuambieni mapema kama kuna kuchafuka. Nguo ya pili kwenye begi haina shida, shida ni kushtukizwa. Na wenye wazazi waliobanwa na kazi wasiofika siku hiyo, tafadhali wapangieni mtu mzima wa kumzungusha mtoto wao, mpishi, mlinzi, yeyote. Kuna mtoto nilimuona siku ile amesimama mlangoni muda wote anachungulia barabara. Basi.

MwlWaDogodogo

Mama Pacha hiyo ya mlangoni umenigusa, asante, nitaliweka kwenye mpango. Mzee wa Vibao shikamoo, nakuelewa pia, wimbo tutabaki nao mmoja mfupi. Swali, mbegu je? Mkuu anataka mimea iwepo siku hiyo. Nimewahi kujaribu maharage, siku ya sherehe yalikuwa bado hayajatoka, watoto wamesimama na vikopo vya udongo mtupu 🙈

BibiWaBustani

Mjukuu wangu, kosa ni kupanda yote siku moja. Niko darasani miaka mingi na hili limeniumbua mara mbili kabla sijajifunza.

Loweka maharage usiku mmoja. Chukua chombo kinachoonesha ndani, kizungushie karatasi laini yenye unyevu au pamba ndani, mbegu uibane kati ya karatasi na ukuta wa chombo ili ionekane. Unyevu tu, usijaze maji, mbegu ikizama inakosa hewa inaoza. Mahali penye joto la kawaida utaanza kuona kizizi siku ya 3 hadi ya 5 hivi. Mzizi ndio hutangulia na siku zote utaelekea chini, hata ukigeuza mbegu kichwa chini, na hilo ni jambo la kuwaachia watoto walijaribu wenyewe: geuzeni moja muone inavyojikunja kutafuta chini. Wangu walikaa na hiyo mbegu moja wiki nzima, wakaipa jina, mengine waliyasahau kabisa.

Sasa, panda kundi la kwanza siku 14 kabla ya sherehe, la pili siku 10, la tatu siku 6, la nne siku 3. Siku yenyewe una hatua zote mezani, kutoka mbegu iliyovimba mpaka mche wenye majani, na mtoto anazipanga mwenyewe kutoka changa mpaka kubwa huku mzazi anaangalia. Hata kundi moja likikuangusha mengine yapo.

Halafu la usalama, na hapa siombi radhi kwa ukali. Watoto wa miaka 3 wanaingiza mbegu puani na masikioni, na ikishaingia kwenye unyevu inavimba, kuitoa ni kazi ya hospitali usichokonoe. Hesabu mbegu zikitoka na zikirudi. Maharage mabichi hasa yale mekundu yana sumu, mtoto asitafune, baada ya kushika wanawe mikono. Mbegu za mbarika, zile zenye madoadoa mazuri, zisikanyage darasani kabisa hata kwa kubandikia picha. Beseni la maji likishamaliza kazi limwagwe hapo hapo, mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya vidole vichache tu. Na mapambo ya baluni mimi nilishaacha, kipande cha baluni iliyopasuka kikiingia kooni kinaziba kama kifuniko. Pambeni kwa kazi za watoto.

KalamuYaRangi

Naongezea moja dogo, zile chati za misimu za kununua zenye miti 4, mmoja umejaa theluji, mwingine majani yamekuwa ya rangi ya machungwa. Kama huko mliko theluji haijawahi kuanguka, kwa nini ndiyo iwe darasa la kwanza la mtoto kuhusu msimu? Misimu 4 ipo kwa walio mbali na ikweta kwa sababu dunia imeinama kama nyuzi 23.5, mwaka ukizunguka siku zao zinarefuka na kufupika sana. Walio karibu na ikweta hawaoni hilo, wao wanajua mvua na kiangazi. Yote ni kweli, ila mtoto wa miaka 4 aanze na ule unaomlowanisha. Sisi chati tulichora wenyewe, tuna mti mmoja pale uwanjani tunaupiga picha kila mwezi kutoka sehemu ileile, mtoto mmoja anasimama pembeni yake. Mwisho wa mwaka wanagombania kuangalia nani amekua, mti au mtoto.

Halafu kiangazi kikija usikwame: chora kivuli cha mtoto kwa chaki saa 2 asubuhi, rudi saa 6 mchana asimame kwenye alama zilezile za miguu. Kivuli kimekuwa kifupi na kimehama. Niliona mtoto akilia kwamba kimeibiwa.

Kuhusu bustani nacheka kidogo, maana hata jina la shule za wadogo lilitoka huko, Friedrich Fröbel alianzisha yake Ujerumani 1837 na miaka 3 baadaye akaiita Kindergarten, bustani ya watoto, na kweli walikuwa na vijibustani vya kulima. Sisi tukabaki na jina tukaweka madawati.

MzeeWaVibao

Haya nimenyoosha mikono, hiyo ya kivuli nitaifanya Jumatatu. Ila na mimi niseme la maana moja: sherehe za msimu zina faida kwamba hazimbagui mtu. Darasani una watoto wa imani tofauti, kuna wengine kwao hata siku ya kuzaliwa haisherehekewi. Mvua inamnyeshea kila mtu. Kwa hiyo mkuu akitaka kuichomeka na sikukuu fulani, mwambie kwa heshima ziwe siku mbili tofauti.

MwlWaDogodogo

Nimerudi kutoa mrejesho, sherehe ilikuwa Ijumaa.

Kwanza mvua ilitugomea. Siku 8 mfululizo hakuna kitu, ukutani nukta nukta nukta, nikawa namuwazia Chaki vibaya 😅 halafu Jumanne usiku ikashuka ya maana, ukanda wa Jumatano ukawa mrefu kuliko kiganja cha mtoto, ilibidi tuuongezee karatasi. Walipiga kelele mpaka darasa la jirani wakaja. Na wazazi siku ya Ijumaa swali la kwanza kila mtu alilouliza lilikuwa hapo hapo, jamani hii ndefu ni ya nini? Watoto wakajibu bila mimi kufungua mdomo. Zile nukta ndizo zilizoubeba ule ukanda, kama ingekuwa inanyesha kila siku nadhani usingeonekana.

Majibu ya dimbwi niliyaandika makubwa nikayabandika mlangoni, baba mmoja alisimama kuyasoma yote mpaka mtoto akamvuta shati. Waliolia: mmoja, na ni kwa sababu mama yake alitaka kuondoka mapema. Wasiofikiwa na wazazi walikuwa 3, mlinzi wetu alimchukua mmoja, kumbe anajua miche kuliko mimi. Mzazi mmoja alilalamika hakupata video ya maana, nimeshindwa cha kumjibu kwa kweli.

Tatizo lililobaki ni hili. Kundi la tatu la maharage lilioza, mbegu 4, nikataka kutupa, darasa zima likagoma. Ikabidi tuyafukie pale pembeni ya uwanja. Sasa kila asubuhi kabla ya namba wanataka tuyafukue kwanza tuone yamekuwaje. Leo ni mara ya tatu. Bibi wa Bustani naomba uniambie, niwaache waendelee kufukua au?