Naomba ushauri: patasi za chuma cha reli zinapasuka majini

Habari zenu wakuu. Mimi ni mhunzi hapa Masasi. Babu aliniachia kipande cha reli ya ile njia ya Nachingwea ya mradi wa karanga wa wakoloni Waingereza, iliyofungwa 1962.

Chuma cha reli kina kaboni nyingi, karibu asilimia 0.7. Kikipoa taratibu hujipanga ndani tabaka nyembamba za pealaiti, yaani chuma laini kikipishana na mchanganyiko mgumu wa chuma na kaboni. Mimi nakipasha kwa mkaa hadi sumaku isikishike, kisha nakitumbukiza kwenye maji. Kinakuwa kigumu hadi tupa inateleza, lakini patasi mbili zimepasuka, moja ililia "ta!" humo humo ndooni. Nilipoivunja, punje za ndani zilikuwa kubwa, zinameta kama chumvi ya mawe, nikahisi nazidisha moto. Ya tatu niliizima kwenye oili chafu. Haikupasuka, ila makali yalimeguka. Sikuirudisha motoni.

Kwa patasi ya mbao, baada ya oili niipashe tena kidogo ili isimeguke, hadi uso wake uwe rangi gani, manjano au kahawia? Na je, nikiipasha na kuiacha ipoe hewani mara mbili tatu kabla ya kuizima, punje zitarudi kuwa ndogo? Kipande cha babu kimebaki kifupi, sitaki kukimaliza kwa kubahatisha.