Mrejesho: Mama, goti jipya na simu

Wapendwa, miezi mitatu iliyopita niliwauliza kama programu za simu zinaweza kumsaidia mama (miaka 67) baada ya kubadilishwa goti la kulia, maana kwa mtaalamu wa mazoezi ni mbali na nauli ya kila siku hatuimudu. Asanteni sana kwa majibu yenu.

Kilichotufaa zaidi ni kipima pembe cha simu, kinachoonyesha goti linakunjika kiasi gani. Mama anakaa kitini, paja limelala sawa na sakafu, anavuta kisigino nyuma taratibu huku amekunja uso, nami nabandika simu kwenye muundi na kusoma namba. Wiki ya pili alikunja nyuzi 70. Ya sita, 95. Juzi 112! Namba hizo namtumia mtaalamu kwa WhatsApp pamoja na video fupi, naye anatuambia tuongeze au tupunguze.

Kengele ya dawa na mazoezi nayo ni nzuri. Ila kihesabu hatua tumekizima, kwani mama alikuwa anazifukuzia hatua, na usiku goti linavimba na kuwaka moto mpaka tuweke barafu iliyofungwa kwenye kanga.

Jambo moja nawasihi. Wiki ya tatu kigimbi chake kilivimba na kuuma. Programu ikaendelea kumhimiza afanye mazoezi! Tulikimbilia hospitali siku ileile wakapima kama damu imeganda kwenye mshipa. Alhamdulillahi, haikuwa imeganda. Mkiona hivyo, msisubiri simu iwaambie.

Jana ameshuka ngazi mwenyewe, fimbo mkononi.