Shangazi kashasema nani alishinda

*Kikundi: UKOO WA MZEE KEYA. Jumamosi, 20:41*

Baba Mdogo: Asalaam aleikum wote. Leo nimemkalisha Zuberi aangalie ngumi za wanaume. Dokumentari ya When We Were Kings. Ali na Foreman, Kinshasa 1974. Hajui hata nani alishinda, nimemficha tangu Alhamisi.

Shangazi Tanga: Waaleikum salaam. Si Ali alimlaza raundi ya nane? Tuliisikia redioni tukijiandaa kwenda shule.

Zuberi: SHANGAZIIII 😭

Zuberi: ndo kwanza raundi ya tano

Shangazi Tanga: _Ujumbe huu umefutwa_

Zuberi: nimeshasoma

Saidi Moro: 🤣🤣🤣🤣

Shangazi Tanga: Nisamehe mwanangu. Miaka hamsini imepita, nikajua dunia nzima ina habari.

Baba Mdogo: Na kweli Dada, kule Kinshasa pambano lilipigwa saa kumi alfajiri ili Wamarekani waone usiku wao. Huku kwetu ilikuwa saa kumi na mbili, watu wanapiga mswaki.

Baba Mdogo: Zuberi usilie. Endelea kuangalia. Kujua mwisho hakuharibu kitu. Mtazame Foreman usoni. Ana miaka 25, bingwa wa dunia, kamwangusha Frazier raundi ya pili, kamwangusha Norton raundi ya pili. Anashuka Kinshasa na mbwa wake mkubwa wa Kijerumani, hajui kwamba wenyeji wakimwona mbwa yule wanamkumbuka polisi wa Kibelgiji wa enzi za ukoloni. Mji mzima umeshamkataa na yeye bado anauliza hoteli. Hajui! Ndicho ninachokipenda kwenye dokumentari za michezo. Wewe unajua, yeye hajui.

Saidi Moro: Ba'mdogo umeanza mahubiri

Baba Mdogo: Nina bando la wiki nzima, utanisikiliza. Chukua ile ya Senna, dereva wa mbio za magari, ya 2010. Kila mtu anajua alikufa Imola, tarehe 1 Mei 1994. Wanaosimulia huwaoni, unasikia sauti tu, picha zote ni za siku zile zile. Jumamosi kafa dereva mwenzake, Ratzenberger. Jumapili Senna yuko kwenye gari kabla ya kuanza, kamera imemkaribia usoni. Mimi mtu mzima nilikuwa naiambia televisheni shuka, baba, shuka, nenda nyumbani.

Shangazi Tanga: Mke wako alinipigia siku ile akasema unaongea peke yako.

Mama Mkubwa: Habari za jioni. Wale ambao hawajatoa mchango wa arusi, kamati inakutana kesho. Ahsanteni.

Saidi Moro: Mimi dokumentari hapana. Wazee wamekaa kwenye viti wanakumbuka. Nipeni vita. Ile filamu inayoitwa 1917 nimeiona mara tatu. Askari wawili, barua moja, watu 1,600 watakufa isipofika. Kamera haikatiki mwanzo mpaka mwisho

Baba Mdogo: Inakatika, wameunga kwa ufundi.

Saidi Moro: Umeona kiungo?

Baba Mdogo: Sijaona. Kwa kazi ya mikono nawapa mia kwa mia. Lakini yule kijana anayekimbia ni mwigizaji. Amesoma karatasi, anajua ukurasa gani anafika. Ndiyo maana wanamwekea muziki, ili na wewe ujue uogope wapi. Mimi muziki ukianza kulia kabla yangu nakwenda kuchemsha chai.

Saidi Moro: Kwa hiyo picha za vita zote mbovu?

Baba Mdogo: Sijasema zote. Das Boot, ya Wajerumani wenyewe, 1981. Muda mwingi wamekaa ndani ya nyambizi wananuka jasho. Wanazama kupita kina chake, bolti zinafyatuka kama risasi, wote wanatazama juu kana kwamba wataliona lile meli linalowatafuta. Nikajikuta nawaombea dua watu wa Hitler. Halafu mwishoni wakirudi bandarini nd

Zuberi: BABA

Baba Mdogo: Haya. Itazame mwenyewe.

Zuberi: ukoo huu hauwezi kukaa na siri

Shangazi Tanga: 🎤 _Ujumbe wa sauti, 3:12_

Saidi Moro: Shangazi andika, niko kwenye basi, spika inapiga kelele

Shangazi Tanga: Vidole vyangu unavijua. Haya. Hiyo ya 1917 mjukuu wangu alinionyesha. Yule mtengenezaji amezichukua hadithi za babu yake aliyepigana, na mwisho kaandika jina la babu yake. Nimefurahi kwa ajili yake. Ila nikajiuliza, na baba yetu? Alikwenda Bama (Burma) vita ya pili na Keya, wale askari wa KAR, jeshi la Waingereza huku kwetu. Nani amewahi kuniwekea Keya mmoja kwenye televisheni?

Baba Mdogo: Hapo Dada umenigusa. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ndiyo iliyoteremka lile bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua inanyesha kuliko masika yetu, barabara uji mtupu. Jeshi zima la 14 Waingereza wenyewe waliliita jeshi lililosahaulika. Sasa sisi tuliokuwa ndani yake tukasahaulika mara ya pili.

Saidi Moro: Mimi kila wiki naenda Kariakoo kuchukua spea na sikujua mpaka juzi kwamba jina ni Carrier Corps. Wapagazi wa vita ya kwanza. Walikufa makumi ya maelfu, wengi njaa na maradhi, hata risasi hawakupigwa. Filamu ya mtu aliyebeba mzigo mpaka akafa nani atanunua tiketi

Baba Mdogo: Ningenunua mimi.

Zuberi: Babu alikuwa anasimulia nini kuhusu vita?

Shangazi Tanga: Ruba.

Zuberi: ??

Shangazi Tanga: Ruba, wale wanaonyonya damu. Mapigano hakutaja hata siku moja. Alisema ukivua kiatu wamejaa hadi kwenye matundu ya kamba, na ukimvuta kwa nguvu jino linabaki, umchome kwa sigara. Yeye hakuwa mvutaji. Alijifunza kuvuta kwa ajili ya ruba, na hakuacha mpaka kaburini.

Saidi Moro: Nilidhani alipenda tu sigara zake za Sportsman

Baba Mdogo: Mimi hiyo ya sigara sijawahi kuisikia.

Shangazi Tanga: Wewe ulikuwa unakimbilia mpira. Marehemu kaka ndiye aliyekaa naye. Hata alimrekodi. Kaseti ipo kwenye sanduku la mama, imeandikwa MZEE 1986.

Baba Mdogo: Dada.

Baba Mdogo: Ipo tangu lini?

Shangazi Tanga: Tangu 1986, nimeshakwambia. Redio iliharibika, nikaacha.

Saidi Moro: Sauti ya baba yangu nayo imo?

Shangazi Tanga: Imo. Yeye ndiye anauliza.

Saidi Moro: Usiiweke kwenye redio yoyote Shangazi tafadhali. Mkanda wa zamani unatafunwa. Kariakoo kuna fundi anahamishia kwenye flashi

Baba Mdogo: Mpe kondakta wa basi la asubuhi, ifungwe kwenye kitambaa kisha kwenye kopo. Nitaipokea stendi mwenyewe.

Mama Mkubwa: Mchango jamani.

Zuberi: imeisha. raundi ya nane kweli. Foreman alivyokuwa anaanguka, Ali aliinua mkono ampige tena halafu akaacha

Baba Mdogo: Umeona? Ulikuwa unajua, na bado umeniandikia hivyo.

Zuberi: sawa baba. ila Shangazi, hiyo kaseti usiisikilize halafu ukatuambia kilichomo

Shangazi Tanga: _Ujumbe huu umefutwa_

Saidi Moro: Nimeuona 🤣