Cheti cha mnyama mmoja, na sasa wako saba

Mama Pacha, Ruashi, Lubumbashi
Wakubwa shikamooni. Nimerudi jana kutoka Kasumbalesa na hasira bado haijashuka. Hamsta wa wanangu, kile kipanya cha kufuga, katoka Ndola na cheti cha daktari wa mifugo, mihuri yote. Ofisi moja pale mpakani ikamlaza stoo, baridi hii ya Julai. Usiku kazaa, asubuhi kafa. Bwana mwenye muhuri akasoma karatasi: "Hapa ni mnyama mmoja, mbona naona saba?" Nimeruhusiwa kupita nao, ila kila mtoto aletewe cheti chake. Je, fomu hiyo naichukua SQAV (karantini ya wanyama na mimea) au Inspection (ofisi ya ukaguzi)? Na hawa yatima niwalishe nini?

Baba Junior, Kampemba
Attestation (cheti) ya SQAV huombwa kabla ya kuvuka, dada. Wewe umeshavuka. Mbwa wangu alitoka Tunduma na kadi ya kichaa cha mbwa, nikaambiwa itafsiriwe Kifaransa. Mtafsiri alinitoza zaidi ya bei ya mbwa.

Shangazi wa Njombe
Maziwa ya ng'ombe ya vuguvugu tu, mwanangu, na kesho uwape majani. Kwetu simbilisi walizaliwa jikoni na siku hiyohiyo wanakimbizana nyuma ya mafiga. Moshi wa lile jiko, jamani!

Kijana wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), Vétérinaire
Samahani shangazi, huyo ni mnyama mwingine. Simbilisi hukaa tumboni miezi miwili, anatoka na manyoya na macho wazi. Hamsta ni siku 16 tu, anazaliwa uchi na kipofu, macho hufunguka yapata wiki mbili baadaye. Majani ya nini?

Mama Pacha, joto kwanza, maziwa baadaye. Mtoto akiwa wa baridi hawezi kusaga chakula. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, iwe upande mmoja wa boksi. Maziwa ya mbuzi, au ya unga ya watoto wa paka ukiyapata mjini. Ya ng'ombe yatawaharisha. Tone mojamoja kwenye ncha ya brashi ndogo ya rangi, tumbo likiwa chini. Ukimlaza chali yanaingia mapafuni. Kila baada ya saa mbili, hata usiku. Akishakula, mpanguse chini ya mkia kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, la sivyo hakojoi. Nisikufiche, wa umri huo wengi hufa. Ukipata hamsta jike anayenyonyesha, mjaribu huyo kwanza.

Mwalimu, Kamalondo
Asikukatishe tamaa. Hamsta wa dhahabu wa majumbani karibu wote wametokana na familia moja iliyochimbuliwa karibu na Aleppo, Syria, mwaka 1930. Mama alianza kula mtoto wake, mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni akamwua, kisha yeye na mkewe wakawalea yatima kwa mkono.

Mkenya wa commune Kenya (utani huo nimeuchoka)
Kongo imeingia EAC 2022, soko la pamoja tunaambiwa. Haya, Zambia si EAC. Lakini mbwa wa Tunduma?

Baba Junior
Mbwa alikuja 2019. Soma kabla ya kujibu.

Mkenya wa commune Kenya
Mwaka hukuuandika, mzee. Nisome wapi?

Mama Pacha
Asante kijana. Wawili wamekufa alfajiri, watano wananyonya brashi. Na ile fomu, jamani?

Shangazi wa Njombe
Pole mwanangu. Nani anapanda basi la Nakonde wiki hii? Niletewe mchele wa Kyela, wa hapa haunukii.